KUNUNUA GODORO NA KITANDA KWA NJIA YA SIMU: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KULIPA

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi katika mafunzo ya kabla ya msimu)





Kila msimu wa mazao unapomalizika na malipo kufika mikononi mwa wakulima, kuna mahitaji machache ambayo karibu kila kaya huyafikiria mwanzo. Ada na sare za shule hutangulia, mabati ya kuezekea nyumba hufuata, na baada ya hayo huja godoro na kitanda. Hitaji hili la mwisho si anasa. Mgongo unaoinama shambani tangu alfajiri na kubeba magunia hadi ghalani hauna karakana nyingine ya kutengenezewa isipokuwa kitanda, na mwanadamu hupitisha karibu theluthi moja ya maisha yake akiwa amelala.

Zamani mkulima aliyetaka godoro alikwenda mjini. Aliingia dukani, akalibonyeza, akalikalia, akabishana bei, kisha akalifunga juu ya basi na kurudi nalo. Siku hizi mambo yamegeuka. Malipo kwa njia ya simu yalianza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na simu zenye intaneti zimeenea hata vijijini. Mwanachama aliyeketi chini ya mwembe anaweza kuona picha za magodoro mia moja, akachagua moja, akalipa, na mzigo ukaja kwa basi au gari la mizigo. Jambo hili lina faida zake. Nauli ya kwenda mjini inaokolewa, bei za wauzaji wengi zinaweza kulinganishwa, na yule mwenye duka moja pale senta hawezi tena kupanga bei anavyotaka.

Lakini mnunuzi wa namna hii hulipia kitu asichokigusa. Picha haina uzito, wala haibonyezeki. Ndiyo maana wako wanaouziwa mbuzi kwenye gunia, na fedha inayopotea hapo si fedha ya mchezo. Ni jasho la msimu mzima, ambalo haliwezi kurudi mpaka mvua nyingine inyeshe. Madhumuni ya maelezo haya ni kumpa kila katibu maarifa ya kumsaidia mwanachama wake, ili shilingi yake inunue usingizi badala ya majuto.

GODORO HILI NI KITU GANI

Wazee walilala juu ya ngozi, mkeka, au kitanda cha kamba. Waliojaliwa walikuwa na godoro la sufi au la pamba. Godoro la sufi lilishikamana na kufanya mabonge, lakini liliweza kuanikwa, kufumuliwa na kuchambuliwa upya. Godoro la sponji lililochukua nafasi yake ni zao la kemia. Dutu yake, inayoitwa poliuretani, ilivumbuliwa mwaka 1937 na mwanakemia Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, na sponji laini ya magodoro ilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1950.

Lile linalotangazwa sana sasa kwa jina la memori fomu, yaani povu la kumbukumbu, ni ndugu wa sponji hiyo hiyo. Mwaka 1966 mhandisi Charles Yost, akifanya kazi kwa mkataba na kituo cha utafiti cha Ames cha shirika la anga la Marekani, NASA, alitafuta mto wa viti vya ndege utakaompunguzia abiria na rubani mshindo wa ajali. Alipata povu linalozama polepole kufuata umbo la mwili na kurudi polepole mwili unapoondoka. Miaka mingi baadaye kampuni ya Fagerdala ya Sweden ilifaulu kulitumia povu la aina hiyo kwa magodoro, na godoro lake likaingia sokoni mwaka 1991.

Historia hii imeelezwa kwa sababu maalumu. Matangazo mengi ya simuni hulitaja jina la NASA kana kwamba ni muhuri wa ubora. Jina hilo laeleza asili ya uvumbuzi tu, wala halithibitishi uzuri wa godoro lililotengenezwa juzi na kiwanda kisichojulikana. Mwenye kusema kwamba mbegu yake ilitoka kituo cha utafiti bado anapaswa kuonyesha kama inaota.

Povu la kumbukumbu lina tabia tatu ambazo mnunuzi yampasa azijue.

Kwanza, linalainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Katika Njombe au Lushoto mwezi Julai, godoro hili linaweza kuonekana gumu mlalaji anapopanda kitandani, kisha likalegea mwili unapolipasha joto. Katika Tanga au Mtwara mwezi Februari, hulainika mapema na kuuhifadhi joto la mwili, kwa hiyo mlalaji hutokwa na jasho. Kwa watu wa pwani na mabondeni, tabaka jembamba la povu hilo latosha, na wengine watapata usingizi mzuri zaidi juu ya sponji nzuri ya kawaida.

Pili, povu hili peke yake halibebi mtu. Godoro lililoundwa vizuri huwa na tabaka la juu la povu la kumbukumbu, kwa kawaida la inchi 2 au 3, na chini yake sponji ngumu yenye kubeba uzito. Muuzaji asiyeeleza unene wa kila tabaka hajaeleza bidhaa yake.

Tatu, ulaini si dawa ya mgongo, wala ugumu kama wa ubao si dawa. Katika utafiti uliofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la tiba la Lancet, watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa, baadhi wakapewa magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Basi mwanachama asidanganywe kwamba godoro gumu kupita yote ndilo la kitabibu, wala asidhani kwamba hana budi kununua memori fomu ndipo apone.

MIZANI HAISEMI UWONGO

Hakuna mkulima asiyejua uchungu wa mizani iliyochezewa. Kwa bahati njema, maarifa hayo hayo ya mizani ndiyo silaha kubwa ya mnunuzi wa godoro. Ubora wa sponji, kwa sehemu kubwa, hutokana na densiti yake, yaani kilo ngapi za malighafi zimo katika mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi imejaa hewa nyingi na malighafi kidogo. Hupendeza siku ya kwanza, na baada ya miezi hufanya shimo mahali pa nyonga.

Kwa sponji ya kawaida, densiti iliyo chini ya kilo 20 kwa mita ya ujazo haifai kulaliwa na mtu mzima kila usiku. Kilo 25 hadi 30 ni ya wastani, na kilo 32 au zaidi hudumu. Povu la kumbukumbu ni zito zaidi. Lililo chini ya kilo 40 ni jepesi, na la kilo 50 na kuendelea ndilo lenye kutumainiwa.

Sasa ifanyike hesabu. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina upana wa mita 1.52, urefu wa mita 1.83 na unene wa mita 0.20. Tarakimu hizo zikizidishwa, ujazo ni karibu mita 0.56. Ikiwa sponji ni ya densiti ya kilo 18, godoro litakuwa na kilo 10. Ikiwa ni ya kilo 25, litakuwa na kilo 14. Ikiwa ni ya kilo 32, litakuwa na kilo 18. Foronya ya godoro huongeza uzito kidogo tu.

Kwa godoro la matabaka mawili, kila tabaka lihesabiwe peke yake. Inchi 2 za povu la kumbukumbu la densiti ya kilo 50 katika godoro la 5 kwa 6 ni kilo 7. Inchi 6 za sponji ya densiti ya kilo 28 ni karibu kilo 12. Jumla ni kilo 19. Muuzaji akilisifia godoro hilo kwa densiti hizo, kisha likafika ghalani na mizani ikasoma kilo 11, hakuna haja ya mabishano. Ama matabaka hayapo, ama densiti iliyotajwa si ya kweli.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwandikia muuzaji, kabla ya kuuliza bei ya mwisho, ni hili: “Godoro hili lina kilo ngapi?” Mwenye mali halisi atajibu au atakwenda kupima. Anayejibu kwa kusema kwamba ni zuri sana na wateja wote wamelifurahia hajajibu.

Hata hivyo, mizani isitumiwe peke yake. Wako watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa katika sponji ili kuongeza uzito, na sponji ya namna hiyo hukatika na kutoa vumbi mapema. Godoro likifika, kipande cha ukingo kifikichwe kwa vidole. Kikiacha unga, kuna mashaka. Kisha kiganja kikandamizwe juu ya godoro na kuondolewa. Povu la kumbukumbu huacha alama ya mkono ambayo hujaa polepole, kwa sekunde kadhaa. Likiruka mara moja, hiyo ni sponji ya kawaida, na bei yake iwe ya sponji ya kawaida.

Liko pia godoro la vipande, linaloundwa kwa kugandisha pamoja mabaki ya sponji ya rangi mbalimbali. Godoro hilo ni gumu na zito, na lina matumizi yake, lakini lisiuzwe kwa jina la sponji nzima. Zipu ya foronya ikiruhusiwa kufunguliwa, rangi za vipande zitaonekana. Lebo isomwe kwanza. Magodoro mengine ya bei ya chini yanayotoka ng'ambo yana kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya foronya kwa ajili ya kuzuia moto, na nyuzi hizo zikitoka huwasha ngozi na macho na kusambaa nyumba nzima. Lebo ikikataza kuvua foronya, isivuliwe.

VIPIMO VYA MAGODORO NA VYA VITANDA

Magodoro ya Afrika Mashariki huuzwa kwa futi: 3 kwa 6, 3½ kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, na 6 kwa 6. Bidhaa nyingi za mtandaoni zimetengenezwa kwa vipimo vya nchi nyingine, na hapo ndipo wengi hukwama. Godoro ambalo Wamarekani huliita la malkia lina sentimita 152 kwa 203. Upana wake ni sawasawa na futi 5, lakini urefu wake huzidi futi 6 kwa sentimita 20. Kitanda cha 5 kwa 6 hakitalipokea. La Waingereza la watu wawili lina sentimita 135 kwa 190. Ni pana mno kwa kitanda cha futi 4, na katika kitanda cha futi 5 litaacha mwanya wa sentimita 17, mbali ya kuwa refu kupita kitanda. Mwanya kama huo ni hatari kwa mtoto mchanga.

Mwanachama asitegemee jina la saizi. Achukue futikamba, apime kitanda chake kwa ndani, kutoka mfumbati hadi mfumbati na kutoka kitakizo hadi kitakizo, aandike sentimita, ndipo afungue simu.

Unene nao una hesabu yake. Mtu mmoja mwenye mwili wa wastani anaweza kutosheka na inchi 6 za sponji nzuri. Watu wawili, au mtu mzito, wanahitaji inchi 8 au 10. Zaidi ya hapo faida hupungua, na tatizo jingine huzuka, kwani godoro nene hula kimo cha chandarua, ambacho hubaki kikining'inia bila kuchomekwa, na mbu hupata mlango.

KITANDA

Godoro zuri juu ya kitanda kibovu ni fedha iliyotupwa. Povu la kumbukumbu hulegea kufuata kilicho chini yake. Chaga zikiwa mbalimbali, litazama katikati ya chaga na kukatika. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3. Kwa kitanda cha urefu wa futi 6, chaga 12 zenye upana wa inchi 3 hutosha. Kitanda cha upana wa futi 5 au zaidi hakina budi kuwa na boriti katikati yenye tendegu lake, ili chaga zisipinde.

Ubao mzima badala ya chaga utobolewe matundu, kwa kuwa sponji isiyopata hewa chini huota ukungu kutokana na jasho. Kulitandika godoro sakafuni huleta madhara hayo hayo.

Katika kitanda cha chuma, mnunuzi aulize unene wa bomba na atazame picha za viungo vilivyochomelewa. Katika kitanda cha mbao, aulize jina la mti. Mninga, mkongo na msaji ni mbao zinazohimili wadudu. Paina isiyotiwa dawa huliwa na bunguo, hata ikipakwa vanishi inayong'aa kama kioo. Neno “mbao ngumu” katika tangazo bila jina la mti lisikubaliwe.

Lakini kuna jambo la kufikiriwa zaidi. Godoro la povu huviringishwa na kushindiliwa katika mfuko, likawa mzigo mdogo wa kubebeka. Kitanda hakishindiliki. Uzito wake na nauli yake hubaki pale pale, na kikitumwa kwa vipande, parafujo moja ikipotea kinasimama kwa miguu mitatu. Katika vijiji vingi yuko fundi seremala ambaye, akipewa vipimo vilivyotajwa hapa, atatengeneza kitanda imara kwa gharama isiyozidi ile ya kukileta kutoka mbali. Fedha hiyo itabaki kijijini, na chaga ikivunjika, mwenye kuirekebisha hayuko mbali. Yafaa basi godoro litafutwe mtandaoni, na kitanda kiagizwe jirani.

KUMTAMBUA MUUZAJI NA KULIPA

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua biashara ya namna hii, na inamtaka muuzaji ajitambulishe na kueleza bidhaa na bei yake kabla ya mapatano. Shirika la Viwango Tanzania hutoa alama ya ubora kwa bidhaa zilizothibitishwa, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara. Hata hivyo, sheria humsaidia mwenye ushahidi. Mwanachama azingatie mambo yafuatayo:

1. Muuzaji awe na jina la biashara, mahali panapojulikana, na namba ya simu inayopokelewa. Ukurasa uliofunguliwa mwezi uliopita wenye picha nzuri tu haujawa duka.

2. Sifa za wanunuzi zisomwe kwa makini. Maoni kumi yaliyoandikwa siku moja kwa maneno yanayofanana huenda yameandikwa na mkono mmoja. Maoni ya mtu aliyelala juu ya godoro kwa mwaka mzima yana thamani kuliko ya aliyelipokea jana.

3. Mahali inapowezekana, malipo yafanywe baada ya mzigo kufika, kupimwa na kukaguliwa. Ikilazimu malipo ya awali, yawe sehemu tu ya bei.

4. Jina linalotokea katika simu wakati wa kutuma fedha lilingane na jina la muuzaji. Likiwa jina la mtu mwingine asiyehusika, fedha isitumwe. Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote, hata anayedai kuwa mtumishi wa kampuni ya simu. Fedha ikitumwa kimakosa au kwa hila, kampuni ya simu iarifiwe mara moja na polisi wapewe taarifa, kwa maana kila saa inayopita humsaidia mwizi.

5. Gharama ya usafirishaji, na gharama ya kurudisha, zijulikane kabla. Godoro lililoviringishwa likishafunguliwa haliviringiki tena kwa mikono. Kwa hiyo lipimwe uzito likiwa bado katika mfuko, na ufunguzi wake upigwe picha mbele ya shahidi.

6. Dhamana isomwe neno kwa neno. Dhamana nyingi hukubali dai pale tu shimo linapofikia kina kilichotajwa, mara nyingi inchi 1 au 1½, na hukataa godoro lenye madoa au lililowekwa juu ya kitanda kisichofaa. Shimo hupimwa kwa kulaza fimbo iliyonyooka juu ya godoro na kupima kina kwa rula.

7. Risiti na maandishi yote ya mazungumzo yahifadhiwe.

Kuhusu bei, urahisi usitazamwe kwa siku moja. Ichukuliwe kwa mfano wa hesabu tu kwamba godoro moja ni shilingi 180,000 na linadumu miaka 2, na jingine ni shilingi 400,000 na linadumu miaka 8. La kwanza hugharimu shilingi 90,000 kwa mwaka, na la pili shilingi 50,000. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Lakini godoro la bei kubwa nalo si lazima liwe bora, na mizani ndiyo itakayoamua.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Mwanachama mmoja anayenunua godoro moja hana sauti mbele ya muuzaji aliye mbali. Wanachama 30 wanaonunua kwa pamoja wanayo. Mwaka 1844, mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao maskini, waliungana wakafungua duka dogo la unga, siagi, sukari na shayiri, kwa shabaha ya kupata bidhaa safi na kipimo kamili. Mtindo wao ndio uliokuwa mfano kwa vyama vya ushirika vya nchi nyingi. Adui yao alikuwa unga uliochanganywa na kipimo kilichopunjwa. Sponji iliyojazwa chokaa na densiti ya uwongo ni adui huyo huyo aliyebadilisha nguo.

Utaratibu unaofaa kwa chama cha msingi ni huu. Kabla ya malipo ya msimu, katibu afungue orodha ya wanaotaka magodoro, pamoja na saizi walizopima wenyewe. Kamati ya watu watatu, na ndani yake awemo mwanamke anayejua mahitaji ya nyumba, iombe bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu. Kila muuzaji ataje densiti, unene wa kila tabaka, uzito wa godoro zima na masharti ya dhamana. Kisha linunuliwe godoro moja tu la mfano. Lipimwe katika mizani ya chama mbele ya wanachama, lifikichwe, libonyezwe, na lilaliwe kwa majuma kadhaa. Likifaulu, ndipo mengine yaagizwe, kwa mkataba unaosema kwamba kila godoro litakalopungua uzito wa mfano kupita kiasi kilichokubaliwa litakataliwa kwa gharama ya muuzaji.

Mzigo uje ghalani kwa safari moja. Nauli itakayogawanywa kwa watu 30 ni nyepesi kuliko vifurushi 30 vya basi. Mwenye upungufu wa fedha aelekezwe kwenye mkopo wa SACCOS, wala asikopeshwe na muuzaji kwa riba asiyoielewa.

Kila senti ya wanachama ipokelewe kwa stakabadhi, na kila godoro liandikwe: namba, uzito, tarehe na aliyelichukua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu asipokee zawadi ya godoro kutoka kwa muuzaji yeyote. Likitolewa, liandikwe kuwa mali ya chama, kwani katibu aliyelala juu ya zawadi ya muuzaji atapata shida kuisoma mizani siku mzigo utakapofika.

KULITUNZA

Godoro jipya lililoviringishwa liachwe lipanuke kwa siku moja hadi tatu, katika chumba chenye madirisha wazi, mpaka harufu ya kiwandani ipungue. Desturi ya kuanika godoro la sufi juani kutwa nzima isihamishiwe kwa sponji. Jua kali huibadilisha kuwa ya manjano na kuifanya ikatike, kwa hiyo ipunge hewa kivulini. Kitambaa kisichopitisha maji kitandikwe kwa watoto. Ligeuzwe kichwa kwa miguu kila baada ya miezi michache. Godoro lenye tabaka la povu la kumbukumbu lisipinduliwe chini juu, kwa sababu upande wake wa kulalia ni mmoja.

La mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote, ni moto. Sponji hushika moto haraka, na moshi wake una sumu inayoweza kuua kabla miali haijamfikia mtu. Kibatari, mshumaa, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma visikaribie kitanda. Nyumba isiyo na umeme iwe na taa ya jua au ya betri chumbani. Godoro huweza kununuliwa tena msimu ujao, lakini uhai wa mtoto hauna msimu wa pili.

Ndugu Makatibu, mtakaporudi vyamani mwenu, yasomeni maelezo haya katika mkutano wa wanachama kabla ya malipo kutolewa, kwani yakisomwa baadaye yatakuwa mazungumzo tu. Kila ghala liwe na futikamba moja na jedwali la uzito wa magodoro ukutani, karibu na mizani. Mwanachama atakayekuja na mfuko ulioviringishwa kutoka kwenye gari la mizigo aruhusiwe kuupima bila malipo, kama anavyopima zao lake.